Naomba ushauri: nawapimaje wanafunzi wa baiokemia wanaokariri?

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiokemia mwaka wa pili, shahada ya kwanza. Kwenye mtihani wa kuandika, wanafunzi wanaeleza vizuri kabisa kwamba kizuizi shindani cha kimeng'enya (kinachogombea nafasi na kitu ambacho kimeng'enya hukifanyia kazi) hupandisha Km, yaani ukolezi wa kitu hicho unaofikisha nusu ya kasi ya juu kabisa, na kuiacha Vmax, yaani kasi hiyo ya juu kabisa, ilivyo. Wape sasa data za maabara wachore grafu na waseme ni kizuizi cha aina gani, wengi wanakwama. Wengine hata vizio hawaandiki kwenye mihimili.

Mtaala unataka mhitimu ajue kuchambua data, lakini alama nyingi ziko kwenye maswali ya kukumbuka! Inaniumiza, maana baadhi yao ndio watakaotupimia damu kesho.

Nafikiria mtihani wa vitendo, kila mmoja na data zake, daftari ruksa. Mliowahi kufanya hivi kwa darasa kubwa, mlisahihishaje kwa haki?