Chili, jibini na chipsi za mahindi kwa watu 40: gumzo la majirani wa Fort Worth

Asha: Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni kwa wote. Majirani zetu wa hapa Texas wameomba kwamba Jumamosi, watoto watakapomaliza mechi yao, pamoja na pilau yetu tuandae pia kile chakula chao cha trei chenye chili (mchuzi mzito wa nyama na pilipili), jibini na chipsi za mahindi. Mimi nimekila kwenye vibanda vya viwanja vya shule tu, pale wanapomimina chili ndani ya pakiti ya chipsi. Je, yupo anayejua kukipika kwa watu 40?

Mama Neema: Marahaba, mwanangu. Hicho cha pakiti na hiki cha trei ni chakula kimoja, nacho hapa huitwa Frito pie kutokana na chipsi za Fritos, ambazo Charles Elmer Doolin alianza kuziuza San Antonio mwaka 1932. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba adui wa chakula hiki ni maji, kwa maana chili ikiwa na mchuzi mwepesi, chipsi hulowa na trei nzima huwa kama uji. Kwa hiyo tutapika nyama Ijumaa, tutaiacha motoni bila kifuniko mpaka mwiko ukipita katikati ya sufuria uache njia isiyojifunga upesi, na chipsi hazitakutana nayo mpaka tufike ukumbini.

Baba Zawadi: Tunaomba vipimo, Mama Neema, ili mwenye zamu ya kwenda dukani asikisie.

Mama Neema: Tutahitaji trei 5 za foili, kila moja ya takriban sentimita 23 kwa 33, na kila trei italisha watu 8 wenye njaa ya kawaida. Kwa zote 5 nunueni nyama ya ng'ombe ya kusaga kilo 4.5, vitunguu maji vikubwa 5, vitunguu saumu viwili vizima, makopo 5 ya nyanya zilizopondwa, makopo 6 ya maharagwe, jibini la cheddar kilo moja na robo tatu, na chipsi kilo moja na nusu. Viungo ni vijiko 10 vya chakula vya unga wa chili na vijiko vitatu vya bizari nyembamba. Tafadhali zingatieni kwamba unga wa chili wa madukani hapa ni mchanganyiko wa pilipili isiyo kali sana, bizari, kitunguu saumu na oregano, na ndiyo maana tunathubutu kutia vijiko 10. Mtu asije akachota vijiko hivyo kwenye kopo la pilipili kali aliyoletewa kutoka nyumbani, kwa sababu watoto hawataweza kula na wazee watatulaumu.

Baba Zawadi: Nina pingamizi kuhusu maharagwe. Kazini kwangu Watexas wanashikilia kwamba chili ya kwao haina maharagwe, na tukumbuke kwamba ndiyo iliyotangazwa kuwa chakula rasmi cha jimbo mwaka 1977.

Mama Neema: Wanasema kweli, baba, na wenzao wa New Mexico nao hudai kwamba chakula hiki kilizaliwa Santa Fe, basi mabishano hayaishi. Ila sisi tunalisha watu 40 kwa mchango mdogo, na maharagwe yatashibisha pale nyama itakapopungua. Trei moja tutaiacha bila maharagwe kwa ajili ya wenye msimamo kama wako.

Bi Rukia: Mimi ombi langu ni nyama itoke kwa muuzaji wa halali, na anayenunua jibini asome karatasi yake, achague lile lililogandishwa kwa kimeng'enya kisichotokana na mnyama. Chipsi za kawaida hazinipi wasiwasi, kwa kuwa ndani yake mna mahindi, mafuta ya mahindi na chumvi basi.

Mama Neema: Ahsante, Bi Rukia, nasi tutafanya hivyo. Umenikumbusha pia chumvi: kwa kuwa chipsi na jibini tayari vina chumvi, chili ipikwe ikiwa imepungua chumvi kidogo, hata kama mwonjaji atanung'unika. Jibini linunuliwe la kipande, tulikune wenyewe, kwa sababu lile linalouzwa likiwa limekunwa hupakwa wanga ili lisigandamane, na wanga huo hulizuia kuyeyuka vizuri.

Asha: Je, chili ikishaiva Ijumaa usiku, niiweke kwenye friji ikiwa ndani ya sufuria ile ile?

Mama Neema: Hapana, mwanangu. Sufuria kubwa hivyo huchelewa mno kupoa katikati, na hapo ndipo chakula huharibika. Igawe kwenye vyombo vipana, kina chake kisizidi sentimita 5, na iwe imeingia kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu itoke motoni. Jumamosi tutaipasha mpaka ifike nyuzi 74 za Selsiasi katikati, tuisafirishe ikiwa moto, na kule ukumbini tutandaze nusu ya chipsi chini ya trei, kisha chili, kisha sehemu kubwa ya jibini. Oveni iwe nyuzi 180, kwa dakika 15 hivi. Nusu ya pili ya chipsi na jibini lililobaki vitawekwa juu mwishoni, virudi ndani dakika 5 tu. Msifunike trei kwa foili baada ya hapo, maana mvuke utazilowesha zile chipsi tulizozihifadhi kwa taabu yote hiyo.

Baba Zawadi: Nimeelewa. Nitanunua nyama kwa yule muuzaji wa halali, na nitachukua pia krimu chachu na pilipili za jalapeño za siki, ziwekwe pembeni kwa anayetaka.

Bi Rukia: Mimi nitakuna jibini. Naomba mwenye funguo za ukumbi athibitishe leo kwamba oveni zote mbili zinafanya kazi, kwa kuwa trei 5 hazitaingia kwenye moja.

Asha: Nimempigia simu sasa hivi, bibi. Ni moja tu inayofanya kazi, na inachukua trei tatu.

Mama Neema: Basi tutaoka kwa mikupuo miwili. Trei za watoto zitangulie, na chili ya mkupuo wa pili ibaki jikoni juu ya moto mdogo, isishuke chini ya nyuzi 60.