Mwenzetu yuko eda kapewa barua ya kujieleza kwa sababu ya paswedi, na kosa si lake

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha, mana nimezibana tangu Alkhamisi, sasa basi. Mie nafanya kazi kwenye ushirika wa akiba na mikopo, makao makuu yako Unguja mjini na sisi ni tawi la Pemba, tuko Chake. Jina la ushirika silitaji. Jambo lenyewe ni paswedi. Najua yuko atakaesema paswedi tu ndo mtu apandishe hivi? Nisomeni kwanza.

Kwetu kila mfanyakazi ana paswedi tano. Ya kompyuta yenyewe, ya barua pepe, ya akaunti za wanachama, ya kuidhinisha malipo, na ya kuombea likizo. Zote zinakufa kila baada ya siku 30 na hata hazifi siku moja, kila moja ina siku yake. Ikifa utunge mpya, iwe na herufi 12 na isizidi 16, iwemo kubwa, iwemo ndogo, iwemo nambari, iwemo alama, isifanane na yoyote katika 10 za nyuma, usiache nafasi baina ya maneno, usinakili na kubandika, uchape kwa mkono, na usiiandike popote. Ukikosea mara tatu akaunti inafungwa. Fanya hesabu yakhe, tano kwa mwezi ni 60 kwa mwaka, mtu mmoja azitunge azikae kichwani, na huyo huyo ana foleni ya wanachama mbele yake kutwa.

Na ikishafungwa kufunguliwa kwake ndo mtihani mwengine. Ujaze fomu, meneja asaini, iskaniwe, itumwe kwa watu wa IT, wale wanaoshughulikia kompyuta, Unguja kutoka kwenye barua pepe yako mwenyewe. Sasa kama iliyofungwa ndo hiyo barua pepe mtu afanye nini? Nimeuliza suali hilo kwa maandishi mara tatu, sijajibiwa mpaka leo. Vijana wa IT wenyewe siwalaumu, wako wawili kwa matawi yote na sheria hii hawakuitunga wao.

Sasa lililotokea. Mwezi uliopita siku ya Alkhamisi mchana paswedi yangu ya kompyuta ikafa, na paswedi hiyo ikifa hufiki kwenye kitu chochote. Mashine yangu ilikuwa kwa fundi, nikaibadilisha kwenye mashine ya meneja. Nikatunga, nikachapa mara mbili, ikakubali, nikenda zangu nyumbani. Ijumaa asubuhi mashine yangu imesharudi, nachapa paswedi ile ile, inakataa. Nachapa taratibu herufi moja moja, inakataa. Mara ya tatu ikafunga. Wallahi nilijiona kama mtu alieibiwa akili, mana paswedi nnaijua na naiona kichwani.

Sababu nilikuja kuijua baada ya siku tatu, na naieleza hapa mana huenda inamsaidia mtu. Mashine ya meneja ilipangwa kibodi ya Uingereza, yangu ya Marekani. Kwenye kibodi ya Marekani ukibana shifti na 2 inatoka @, kwenye ya Uingereza shifti na 2 inatoka alama ya kunukulia, na @ iko upande wa kulia karibu na kitufe cha enta. Hata shifti na 3 si moja, kwenye ya Marekani inatoka alama ya reli (#) na kwenye ya Uingereza inatoka ya pauni (£). Vidole vimeshazoea havitizami, na kwenye kisanduku cha paswedi unaona vidoti vitupu, basi paswedi nilioiweka mie Alkhamisi siyo nilioidhania. Lau wangeweka kile kijicho cha kubonyeza ukaona ulichochapa, lisingetokea lolote. Lakini kijicho kimezimwa, ati usalama.

Ijumaa ile huku hufanyi kazi zaidi ya saa sita, watu wanakwenda sala. Fomu nikajaza, meneja yuko Mkoani kwenye mkutano, simu ya IT Unguja inaita haipokewi. Saa tatu na nusu anaingia bi mkubwa mmoja katoka Kiuyu, mlimaji wa mwani, kaondoka alfajiri na gari mbili mpaka kufika. Anataka kutoa akiba yake mwenyewe. Mjukuu wake kaandikiwa kwenda hospitali Unguja na boti wanayoipanda ni ya kesho yake. Kanambia, "Mwanangu, hizi pesa ni zangu, mwani nimelima mie, nambie basi kompyuta imekataa nini." Nikakosa la kumjibu. Nimwambie nini, kwamba pesa zako zipo, na mie nipo, na kitambulisho chako ninacho mkononi, lakini sizipati kwa sababu ya paswedi iliyokataa?

Mwenzangu wa kaunta ya pili ambaye ndie mwenye uwezo wa kutoa malipo kama mimi yuko eda. Kafiwa na mumewe, ana wiki mbili yuko ndani kwao Wete, Mungu amrehemu marehemu. Nikampigia simu. Naona haya hata kuandika, mtu yuko kwenye msiba namuuliza paswedi. Akauliza bibi mwenyewe ni nani, nikamwambia, akanambia chukua andika, usimrejeshe na mjukuu mgonjwa. Nikaingia kwa jina lake, nikamlipa bibi pesa zake kamili, kasaini, alama ya kidole ipo, risiti ipo. Bibi akaondoka anatuombea dua sote wawili.

Basi Alkhamisi hii ya juzi mwenzetu kaletewa barua ya kujieleza. Wakaguzi wametizama kumbukumbu za mfumo wakaona mtu alie likizo kalipa mwanachama. Kaitwa mbele ya kamati ya nidhamu Unguja. Mwanamke yuko eda! Anaambiwa avuke bahari aende akaeleze kwa nini kamsaidia mkulima wa mwani kupata pesa zake mwenyewe. Barua ina ukurasa mzima wa vifungu na hakuna hata sentensi moja inayouliza kwa nini akaunti yangu mie ilifungwa na kwa nini sikupata mtu wa kuifungua.

Sitetei kupeana paswedi. Nakubali si sawa, mana jina la mtu ndo saini yake na pesa zingepotea angesulubiwa yeye. Lakini sheria hii yenyewe ndo inayowafundisha watu kupeana. Nendeni tawi lolote mtizame nyuma ya kalenda, chini ya kibodi, ndani ya droo ya stempu, paswedi zimeandikwa zote, na mwanachama akiinama kidogo kaunta anazisoma. Na zisizoandikwa ni zile za neno moja na nambari, mwezi huu inaishia 1, mwezi ujao 2. Ukishaijua ya leo ya kesho unayo.

Na hili silitungi. Chuo kikuu cha North Carolina huko Marekani walichunguza mwaka 2010 akaunti zaidi ya 7,700 zilizokuwa zinalazimishwa kubadilishwa, wakaona kwamba mwizi akishaijua paswedi ya zamani basi asilimia 17 ya akaunti anaipata mpya kwa kubahatisha mara zisizozidi tano. Yani ile kubadilisha haikumzuia. Na kanuni hii ya herufi kubwa, alama, na kubadilisha kila baada ya muda ilienea kwa sehemu kubwa kutokana na mwongozo wa miaka ya mwanzo ya 2000 wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr. Mzee mwenyewe mwaka 2017 alishastaafu akaliambia gazeti la Wall Street Journal kuwa anajutia mengi katika aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST wakaandika upya, wakasema watu wasilazimishwe kubadilisha paswedi kila muda, ibadilishwe pale tu penye ushahidi kuwa imevuja, waruhusiwe kubandika, nafasi baina ya maneno ikubaliwe, na anaetaka paswedi ndefu mfumo umkubalie angalau mpaka herufi 64. Microsoft nao mwaka 2019 wakaliondoa suala la paswedi kufa kwenye mipangilio ya usalama wanayoipendekeza kwa Windows. Sasa mwenye kanuni kajuta, taasisi yake imeifuta, mwenye programu kaiondoa, sisi Chake tunaishikilia mpaka tunamtoa mtu edani!

Wangetwambia tungeni maneno manne matano yasiyohusiana, mfano kinu boriti mvua pweza, marefu, yako peke yako, ukae nayo mpaka kuna sababu ya kuibadilisha, na juu yake wakatuwekea namba ya siri ya mara moja inayokuja kwenye simu kila unapoidhinisha malipo, tungekuwa salama zaidi ya hivi. Methali usiweke, hizo kila mtu anazijua. Na paswedi hizo nyengine wangetupa programu ya kuzihifadhi tukumbuke moja tu.

Na jengine nisilisahau, kama barua pepe ya kazi unayo kwenye simu, siku ukibadilisha paswedi ibadilishe na kwenye simu hapo hapo. Simu inaendelea kujaribu ile ya zamani kimya kimya na ndo inayokufungia akaunti, wewe unadhani umerogwa. Mwenzetu mmoja alifungiwa wiki mbili mfululizo kila asubuhi kwa sababu hiyo.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kuna ndugu kanijibu kuwa ningemwambia bibi arudi Jumatatu na mambo yangekwisha. Ndugu yangu, mtoto anaumwa, boti ni kesho, wewe ungemtizama usoni ukamwambia hivo? Mwengine kauliza kwa nini nisingesubiri IT. Nilipiga simu mara 11, namba zimo kwenye simu yangu na nimezipiga picha. Fomu yangu wameishughulikia Jumanne, siku nne baadae.

Walioniuliza mwenzetu atafanya nini, haendi popote, yuko eda na atakaa eda yake mpaka imalizike miezi minne na siku kumi. Nakwenda mie. Nimeshaandika barua kwamba aliechapa ni mimi, mkono wangu, siku na saa nimezitaja. Risiti ya bibi naichukua, picha za simu nazichukua, na ule mwongozo mpya wa NIST nimeuchapisha kurasa zile zinazohusu paswedi nimezipigia mstari. Tiketi ya boti nimekata kwa pesa yangu. Kamati inakaa Jumatatu saa tatu.