Mrejesho: ile saa ya Seiko 5 ya marehemu babu

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama inafaa kutengeneza saa ya mkono ya babu, Seiko 5 yenye mashine ya ndani namba 6119, au niiweke kabatini ninunue ya betri. Shida ilikuwa inasimama kila usiku, na nikizungusha kitufe cha pembeni haijai nguvu.

Kwanza niseme nilikuwa mjinga. 6119 haijazwi kwa kuzungusha kitufe! Inajijaza mkono ukitembea. Kitufe unakibonyeza kubadili siku na tarehe. Nilikuwa naivaa kwa muda wa saa moja tu kanisani, naivua, halafu nalalamika imesimama.

Fundi alipoifungua alikuta mafuta yamekauka yakawa kama gundi. Akaifumua, akaosha, akatia mafuta mapya. Kung'arisha uso nilikataa. Ile rangi iliyopauka kidogo pembeni ndiyo inanikumbusha mkono wa mzee.

Aliyenishauri nisome namba za mfuniko wa nyuma, asante sana. Zinaanza na 39: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, ya pili mwezi. Kwa mashine hii ni Septemba 1973.

Sasa inawahi kama sekunde ishirini kwa siku, sijali. Usiku naiweka sikioni: mapigo sita kila sekunde. Watu wanazisaka za majina makubwa, hizi wanazipita tu. Wazipite.

Ila nimeanza kuulizia saa za Citizen za zamani. Mke wangu bado hajui.