Mamangu anapata jua kila siku na vitamini D iko sawa, mbona kaandikiwa tena?

mwana_langoni: Asalam aleikum jamani. Mamangu ana miaka 63, figo zamsumbua huu mwaka wa tatu. Kila asubuhi yuko uani anapeta mchele juani, alipopimwa damu vitamini D ikasoma 34 wakasema sawa. Sasa daktari kamwandikia kalsitrioli na wa duka la dawa asema hiyo nayo ni vitamini D. Yuaongezwa nini? Kidonge bado nimekishika mkononi, naogopa kumpa.

maabara_malindi: Waaleikum salam. Mpe kama alivyoandikiwa. Ile ya jua huwa haijaiva ndugu yangu. Jua likipiga ngozi kuna kitu humo jamii ya kolestro kinageuka vitamini D3, yaenda kwenye ini, ini laipachika oksijeni na haidrojeni kwenye kaboni ya 25 ikawa kalsidioli, na hii ndiyo akiba, yakaa kwa damu wiki mbili tatu na ndiyo tunayopima sisi, ndiyo hiyo 34. Lakini ni nazi ishafuliwa haijakunwa, tui hujapata. Figo ndizo zinazoikuna, zinapachika tena kwenye kaboni ya 1 yawa kalsitrioli, na hiyo ndiyo inayoufanya utumbo uvute kalsiamu, tena haikai, masaa machache imekwisha. Figo zikichoka akiba itajaa na kazi haifanyiki, kalsiamu yashuka, vile vitezi vinne vya shingoni vinamwaga homoni ya kuitoa kwenye mifupa, mifupa ndiyo inayolipa. Daktari kampa mama tui tayari.

abu_swaleh: Na jua la dirishani? Mke wangu amlaza mtoto nyuma ya kioo

maabara_malindi: Kioo chazuia ile miale yenyewe, mtoe nje.

bi_shela: Mwanangu, mume wangu alipewa alfakalsidoli, hiyo ya kaboni 1 ishawekwa, ini lamalizia, figo hazihitajiwi. Ila msikae bila kupima kalsiamu, ikizidi ataona kiu sana, kichefuchefu, choo kigumu, mume wangu tulidhani ni joto la kaskazi kumbe kalsiamu imepanda. Na vidonge vya kalsiamu vya dukani usimnunulie bila daktari kujua.

mwana_langoni: Allah awalipe. Nimempa sasa hivi na maji. Choo kigumu anacho tangu juzi bi, kabla ya dawa, Jumatatu tuna kliniki nitawaambia wapime kalsiamu kwanza.