Mrejesho: rangi ya tumbo la boti ya faiba

Wakuu, niliuliza hapa kama naweza kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani kwenye boti yangu ya faiba, ilhali chini imejaa malengelenge. Boti imesharudi majini, Kunduchi.

Kazi kubwa ilikuwa maandalizi, kama mlivyosema. Tulikwangua makombe, tukaosha kwa maji baridi, kisha msasa namba 80 wa maji. Rangi ya zamani ina shaba na vumbi lake ni sumu, kwa hiyo fundi na kijana wake wasiguse bila barakoa na miwani. Hapo sina mjadala.

Malengelenge tuliyapasua yote. Yalitoa maji yenye harufu kali kama siki. Tukasuuza, tukaacha yakauke kabisa, ndipo tukaziba kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu. Unyevu wa Dar unachelewesha mno, vumilieni! Anayeziba haraka anafungia maji ndani.

Kisha tukapaka epoksi ya kuzuia maji, mikono (matabaka) kadhaa. Rangi ya kuzuia viumbe wa bahari ilianza wakati epoksi bado inanata kidogo kwenye kidole, ndiyo hushika vizuri. Mstari wa maji tuliuongezea mkono mmoja. Vipande vya zinki, vile vinavyokinga vyuma vya boti visiliwe na maji ya chumvi, havikupakwa, vikipakwa havifanyi kazi.

Mzee aliyeshauri deheni, yale mafuta mazito ya kupaka tumbo la chombo, shikamoo. Hiyo ni ya majahazi ya mbao, kwangu sikuitumia.

Asanteni sana. Nikiipandisha tena nitaleta picha za chini.