Majina mengi ya miwani, mwenye mali mmoja: mnunuzi wa Mtwara apunguze gharama wapi?

Shangani_Mashariki

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba ufafanuzi kwa wanaoijua biashara ya miwani kwa undani.

Duka moja mjini Mtwara limenipa bei ya jumla, 420,000 kwa fremu na lenzi, bila mchanganuo. Kipimo ni -4.00 jicho la kulia na -3.50 la kushoto, yote mawili yana silinda (nguvu ya kusahihisha mpindo usio sawa wa jicho) -0.75 kwa nyuzi 180. Kwenye kabati kuna Ray-Ban, Oakley, Persol, Vogue na Prada. Muuzaji anasema nichague niipendayo, bei zinakaribiana popote nitakapokwenda. Ila ninavyofahamu majina hayo yote yana mwenyewe mmoja. Kama ndivyo, ushindani uko wapi? Na mtu wa huku kusini, ambako maduka ya miwani yanahesabika, apunguze gharama sehemu gani bila kuumiza macho?

FundiLenzi_Chikongola

Unachofahamu ni kweli, isipokuwa kwa Prada. Ray-Ban, Oakley, Persol na Vogue ni mali ya EssilorLuxottica. Jina la Prada ni la Prada wenyewe, lakini miwani yake inatengenezwa na kusambazwa na kampuni hiyohiyo kwa leseni, sawa na ya Chanel, Versace, Dolce & Gabbana na Burberry. Kwa hiyo kabati lako la majina matano lina mlango mmoja wa nyuma.

Luxottica ilianzishwa na Leonardo Del Vecchio mwaka 1961 huko Agordo, Italia. Ilinunua Persol 1995, Ray-Ban 1999 na Oakley 2007. Ya Oakley inafundisha zaidi. Mwaka 2001 Luxottica ilinunua Sunglass Hut, maduka yaliyokuwa mteja mkubwa wa Oakley, kisha maduka hayo yakapunguza sana kuagiza Oakley. Hisa za Oakley zikaporomoka, na miaka michache baadaye kampuni yenyewe ikanunuliwa. Anayeshika duka anaweza kumnyima pumzi mwenye kiwanda, na huyu alikuwa ameshika vyote viwili.

Mwaka 2018 Luxottica iliungana na Essilor ya Ufaransa, wenye majina ya lenzi na makoti yake kama Varilux, Crizal na Transitions. Mwaka 2021 wakachukua GrandVision yenye maduka zaidi ya 7,000. Sasa fremu, lenzi, koti la lenzi (utando unaopakwa juu yake) na kaunta ya kuuzia vinaweza kuwa vya mtu mmoja. Hata jina la lenzi lisikubabaishe: lenzi za Nikon zinatoka kwenye ubia wa Nikon na Essilor, na lenzi za jina la Kodak zinatengenezwa kwa leseni na kampuni tanzu ya Essilor.

Wadhibiti hawakulala kabisa. Tume ya Ulaya ilichunguza muungano ule, ikakusanya maoni ya wauza miwani karibu 4,000, kisha ikaruhusu Machi 2018 bila sharti lolote. Mimi naona walikosea, kwa sababu hofu ya wauzaji wadogo ilikuwa wazi: anayetaka Ray-Ban atasukumiwa na lenzi. Julai 2021 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliitoza Luxottica faini ya yuro milioni 125 kwa kuwabana wauzaji juu ya bei ya rejareja na kuwazuia kuuza mtandaoni. Hivyo mtu akikwambia "bei ni hiyo popote", ujue huko Ufaransa iliwahi kuthibitika kwamba kuna mkono uliokuwa ukiifanya iwe hiyo popote.

Walio nje ya nyumba hiyo wapo. Kwenye lenzi kuna Zeiss na Rodenstock za Ujerumani na Hoya ya Japani. Kwenye fremu kuna Safilo, wenye Carrera na Polaroid, na Kering Eyewear wanaotengeneza miwani ya Gucci.

Mikindani_Bandari

Nakubaliana na historia hiyo, ila kwa Mtwara tusiwasukumie Wataliano kila kitu. Fremu nyingi zinazouzwa mikoa hii miwili ya Mtwara na Lindi zinatoka China, na lenzi za kawaida nyingi duniani zinatoka Danyang, jimbo la Jiangsu. Huko viwanda ni vingi na ushindani ni mkali. Kinachopandisha bei hapa kwetu ni uchache wa maduka pamoja na ile tabia ya kupima macho kisha kukaa na karatasi ya kipimo. Mteja asiye na karatasi hana pa kwenda.

Tena uhakikishe hiyo Ray-Ban ni Ray-Ban kweli. Ndani ya mkono kuna namba ya modeli na vipimo, mathalani RB 5154, 49, 21, 140. Ingia kwenye tovuti ya kampuni uangalie kama modeli hiyo ipo na kama ina ukubwa huo na rangi hiyo. Bandia nyingi zinanaswa hapo, maana wanaigiza nembo vizuri lakini wanakosea kuoanisha namba.

Optiki_Lindi

Swali la gharama linajibika kwa hesabu, na kipimo chako ni mfano mzuri.

Kabla hujagusa fremu yoyote, omba karatasi yenye mambo manne: namba za kila jicho, silinda na nyuzi zake, nyongeza ya kusomea kama ipo, na umbali kati ya mboni. Hili la mwisho ndilo wengi hawaandikiwi. Marekani wana kanuni tangu 1978 inayomlazimu mpimaji kumkabidhi mteja karatasi mara tu baada ya kupima, hata kama hakuiomba. Wewe iombe kabla ya kulipia kupimwa. Ukikataliwa, kapime kitengo cha macho hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, kisha uende dukani na karatasi yako mkononi.

Umbali wa mboni unapimika kwa rula ya milimita. Mpimaji akae mbele yako sentimita 40, macho yenu yawe usawa mmoja, rula iegemee juu ya pua yako. Afumbe jicho lake la kulia, wewe utazame la kushoto lililo wazi, aweke sifuri kwenye ukingo wa nje wa duara jeusi la jicho lako la kulia. Bila kusogeza rula, afumbe la kushoto na kufumbua la kulia, wewe uhamishie macho kwenye hilo la kulia, naye asome ukingo wa ndani wa duara la jicho lako la kushoto. Rudieni mara tatu. Kwa watu wazima wengi jibu huangukia kati ya 54 na 74.

Kwa nini nalishikilia hili? Lenzi yenye nguvu ikikaa pembeni ya mboni inapinda mwanga. Zidisha nguvu ya lenzi kwa kosa la sentimita: -4.00 mara 0.4 ni prizimu 1.6. Yaani milimita nne tu za kosa zinatosha kukupa kichwa kuuma kila jioni, na utaambiwa "utazoea".

Sasa fremu. Namba 56 na 18 ndani ya mkono maana yake lenzi moja ina upana wa milimita 56 na daraja la pua ni 18. Jumlisha, upate 74. Kama mboni zako ni 62, tofauti ni 12, kwa hiyo kila lenzi lazima isogezwe ndani milimita 6, na upande wa sikio unabaki mnene. Ukichukua 48 na 18 jumla ni 66, unasogeza milimita 2 tu. Kwa -4.00, lenzi ya kawaida ya 1.50 (namba ya uwezo wa malighafi kupinda mwanga; ikipanda, lenzi inakuwa nyembamba) yenye kitovu, yaani unene wa katikati, cha milimita 2 itakuwa na ukingo wa 4.7 hivi kwenye fremu ndogo na 6.6 kwenye ile kubwa. Ukitia lenzi ya 1.61, ambayo ni ya bei kubwa, yenye kitovu cha 1.5 kwenye fremu kubwa, unapata 5.3. Umelipia teknolojia na bado umeshindwa na lenzi ya bei nafuu ndani ya fremu ndogo! Muuzaji anayekupa fremu pana kisha akakushauri lenzi nyembamba anakuuzia tatizo na dawa yake kwa pamoja.

Kwa kipimo chako chagua fremu isiyozidi 50, lenzi ya 1.56 au 1.61, na koti la kuzuia mng'ao. Basi. Lenzi ya 1.67 au 1.74 ni ya kuanzia -6.00 kwenda juu, na uangavu wake pembeni ni hafifu kuliko wa 1.50. Mtoto, bodaboda na fundi wa kuchomelea wapewe lenzi ya polikaboneti, plastiki ngumu, kwa sababu haipasuki kirahisi. Pesa ya koti la kuzuia mwanga wa bluu afadhali uiweke kwenye koti zuri la kuzuia mng'ao.

Shangani_Mashariki

Ahsanteni sana, hili la 48 na 56 sijawahi kuelezwa dukani. Nina fremu ya zamani ya plastiki nzito, namba zake 49 na 19. Inafaa kutiwa lenzi mpya? Na kama kazi itafanyikia Dar es Salaam, itumwe vipi?

FundiLenzi_Chikongola

Ukubwa unafaa. Ikague hivi. Fungua mikono na utazame bawaba kwa mwanga wa jua: ukiona mstari mweupe au nyufa ndogo kwenye plastiki kuzunguka chuma, iache, maana itakatika fundi akiipasha moto kuingiza lenzi. Pitisha ukucha ndani ya mfereji unaoshika lenzi, usiwe na pengo. Kisha jaribu skrubu zote kwa bisibisi ndogo. Kwetu pwani chumvi na jasho vinaila skrubu hadi kichwa kinazunguka bure, na fundi analazimika kuitoboa. Skrubu mpya ni kitu kidogo sana kwa bei. Tone la rangi ya kucha juu yake linaizuia isilegee.

Fremu ipashwe kwa hewa ya moto, kamwe isiwe kwenye moto wa jiko au kiberiti. Waambie wapashe fremu tupu kwanza, lenzi ije baadaye, kwa sababu koti la kuzuia mng'ao huchanika vijistari likipata joto kali. Ndiyo maana miwani inayoachwa kwenye dashibodi ya gari juani inaharibika kabla ya muda wake.

Kwa Dar es Salaam, fremu isafiri kwenye kasha gumu pamoja na nakala ya kipimo, umbali wa mboni ukiandikwa kwa tarakimu, na aina ya lenzi uliyokubaliana nao. Usitume picha ya kipimo peke yake kwa simu. Alama ya kutoa ikisomeka kujumlisha, lenzi imekwisha kukatwa na hakuna wa kuibadilisha. Hii njia ni ya lenzi za nguvu moja tu. Za progresivu, ambazo nguvu yake inabadilika kutoka juu kwenda chini, zinataka urefu wa mboni upimwe fremu ikiwa usoni mwako, kwa hiyo hizo uende mwenyewe.

Wakili_Masasi

Niongeze upande wa sheria. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Kampuni kuwa kubwa si kosa. Kosa ni kutumia vibaya nguvu hiyo sokoni, au washindani kukubaliana bei, au kumpotosha mlaji. Malalamiko ya "miwani ni ghali" hayatafika mbali.

Lakini FCC ndiyo pia inayosimamia mapambano dhidi ya bidhaa bandia. Ukiuziwa fremu bandia kwa bei ya halisi, una shauri linaloshikika. Dai mchanganuo ulioandikwa: fremu kiasi gani na modeli ipi, lenzi kiasi gani na ni ya namba gani, koti kiasi gani, kazi kiasi gani. Dai risiti ya EFD, piga picha maandishi yaliyo ndani ya mkono. Duka linalokataa kuandika jina la fremu kwenye risiti limeshakujibu.

Optiki_Lindi

La mwisho kwa Shangani, siku ya kuchukua miwani. Omba waiweke kwenye lensomita, kifaa cha kusoma nguvu ya lenzi, ukiona, wasome namba, ulinganishe na karatasi. Usishtuke ukikuta -4.75, silinda +0.75, nyuzi 90. Hiyo ni sawasawa na -4.00, -0.75, nyuzi 180. Unajumlisha namba ya kwanza na silinda, unageuza alama ya silinda, unazungusha nyuzi 90. Wengine huandika kwa kujumlisha, wengine kwa kutoa.

Wakikosa lensomita, ishike miwani kwa urefu wa mkono utazame ukingo wa mlango. Izungushe taratibu kama usukani: mstari ukipinda ndani ya lenzi, silinda ipo. Isipopinda hata kidogo kwa namna yoyote utakayoizungusha, wamekutilia lenzi bila silinda, irudishe palepale kabla ya kumaliza malipo.