Mjadala: Bwawa la Nyerere lipo, umeme wa Ethiopia wa nini?

Mtoa mada: Wakuu, Machi 2025 Rais Samia alitangaza mpango wa kununua umeme Ethiopia, upitie Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Bwawa la Nyerere lina mashine 9 za megawati 235, jumla 2,115. Mahitaji ya juu ya nchi nzima wakati ule yalikuwa kama 1,900, na hapo hujahesabu mabwawa ya Kidatu na Mtera wala mitambo ya gesi ya Kinyerezi. Kuna haja gani ya kutoa dola?

Msongo400: Mkuu, mitambo inatosha, shida ni njia za kuusafirisha umeme. Umeme wa Bwawa la Nyerere, huko Rufiji, unafika Chalinze kwa msongo (nguvu inayousukuma umeme) wa kilovoti 400. Chalinze hadi Dodoma, kilomita 345, njia ya 400 haikuwa tayari bwawa lilipokamilika, kwa hiyo mzigo ukabanwa kwenye njia za zamani za 220. Megawati zilezile zikipita kwenye 220, waya wa unene uleule unapoteza zaidi ya mara tatu ya kinachopotea kwenye 400, maana msongo ukiwa mdogo mkondo (kiasi cha umeme kinachopita kwenye waya) unakuwa mkubwa, na upotevu unapanda kwa kipeo cha pili cha mkondo. TANESCO walitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Na huko mwisho wa njia umeme unafika msongo wake umeshuka: pampu ya kisima inavuta mkondo mkubwa zaidi, koili zinachemka, mota inaungua.

Mtoa mada: Basi hela iende Chalinze–Dodoma. Dodoma–Singida ya 400 ipo, Singida–Arusha–Namanga, mpakani na Kenya, nayo ipo. Nyaya hizohizo za kuleta umeme kupitia Kenya zinaweza kupeleka wa Rufiji Arusha.

Relei: Zinaweza, na ndiyo maana mimi naogopa mkataba wa kununua kuliko umeme wenyewe. Ukisainiwa wa miaka mingi, wenye kipengele cha kulipia hata usichotumia, njia ya Dodoma itakamilika na bado tutalipa. Uwe mfupi, uishie njia ikiwashwa. Kuungana na jirani kuna faida, gridi yetu (mtandao wa umeme wa taifa) ikizima unapata pa kuanzia kuiwasha. Lakini relei za ulinzi, vifaa vinavyokata njia yenye hitilafu, zisipopangwa vizuri, hitilafu ya kwao inatuzima na sisi.

Msongo400: Nakubali. Kabla ya saini tuwekewe wazi namba mbili: bei ya uniti ya Ethiopia ikifika Namanga, pamoja na malipo ya kupitishia Kenya, na gharama ya uniti ya Rufiji ikifika Arusha, upotevu ukiwa ndani. Ya kwanza ikizidi, hakuna haja.